Sindano ya Tanga

Kila alfajiri, kabla hajashusha miguu kitandani, bibi yangu Hilda alikuwa anashusha mkono. Anaupeleka chini polepole mpaka kiganja kinagusa sakafu, anakiacha pale kidogo, kisha anasema, "Pakavu." Hapo ndipo anaamka.

Sakafu yetu ni ya saruji, na nyumba yetu ipo Matogoro, hapa Songea, juu ya mteremko, mahali ambapo hata maji ya bomba yanafika kwa kubembelezwa. Hakuna maji ya kuingia chini ya kitanda. Lakini bibi alikuwa amelala miaka minne ndani ya mashua, na mtu anayelala ndani ya mashua akiamka kitu cha kwanza ni kujua maji yameingia kiasi gani. Yakifunika vidole unayakumba na kuyamwaga nje mwenyewe, kimyakimya. Yakifika kwenye kiwiko unamwamsha mwenzako. Alinieleza hivyo siku ya pili baada ya kufika, kwa sababu tulikuwa tunalala chumba kimoja na niliuona mkono wake. Miezi mitano nilisikia "Pakavu" kila siku. Hakulisema kwa furaha. Alilisema kama mtu anayesoma jina la kituo ambacho yeye hashukii.

Mashua yao inaitwa Tutafika. Jina limeandikwa ubavuni kwa rangi nyeupe, na herufi ya mwisho imeshaliwa na maji. Bibi na babu, ambaye anaitwa Makarius, walikuwa wanabeba mizigo ya watu kwenye Ziwa Nyasa: unga wa muhogo, vyungu, mabati, saruji, na usipa, yaani wale dagaa wa ziwani. Kutoka Mbamba Bay wanapandisha Liuli na kwenye vijiji vidogo ambako gari linafika kiangazi tu. Babu anashika usukani na kamba. Bibi anatazama mbele, maana kule kuna mawe makubwa, mengine yamelala chini ya maji, na asiyeyaona anayakuta kwa mbao. Tanga likichanika bibi ndiye anayelishona, kwa sindano nene iliyopinda kidogo, inayokaa imechomekwa kwenye mlingoti karibu na rozari yake.

Nyumba walikuwa nayo. Ilikuwa ya matofali, karibu na maji. Mwaka ule ziwa lilipopanda likaingia sebuleni, likakaa. Majirani walihamia mlimani. Babu akasema watalala kwenye mashua wiki moja, wakitafuta pa kujenga. Wakatandika godoro juu ya mbao, wakafunga turubai kuwa paa, jiko la mkaa wakaliweka kwenye debe lenye mchanga. Wiki ikawa miaka.

"Kwa nini hamkujenga tena, bibi?" nilimuuliza.

"Tulichoka kuhama," alisema. "Chombo kinahama chenyewe, wewe umekaa."

Mimi na mdogo wangu Brayson tulikuwa tumewaona kwa macho mara tatu tu. Tulikuwa tunawajua kwa simu. Babu ana kitochi, na mtandao anaupata akifunga mashua Mbamba Bay siku ya Jumamosi, saa nne hivi, akimaliza kushusha mizigo. Basi kila Jumamosi sisi tulikuwa tunakaa na simu ya mama katikati ya meza kama watu wanaosubiri mgeni.

Sasa, inabidi nieleze jinsi simu hizo zilivyokuwa zinakwenda, maana yote yametoka hapo.

Mama yangu, Evaline, hawezi kuongea ovyo na baba mkwe wake. Anasema shikamoo baba, anaulizwa hali, anajibu, anatoa simu sikioni kama inamuunguza. Baba yangu, Polikarp, ni mtoto wao, lakini yeye na babu wana heshima nzito. Wanaulizana mvua. Wanaulizana bei ya mahindi. Mambo ya mwili, ya uchovu, ya nani anamkumbuka nani, baba na mtoto hawaulizani. Sisi wajukuu ndio watani. Kwa babu mimi ni mke mdogo. Kwa bibi mimi ni mke mwenza. Brayson, ambaye ana miaka minane, ni mume wa bibi na hasimu wa babu. Kwa hiyo habari zote za kweli kati ya ziwa na Matogoro zilikuwa zinapita midomoni mwetu, na sisi kazi yetu kwa babu ilikuwa kucheka.

"Halo! Nani huyo anakula ugali wangu?" babu anaanza hivyohivyo kila Jumamosi.

"Mimi mwenye mji!" anajibu Brayson. "Na mke wako nimemchukua!"

"Mchukue, bwana. Ila anakoroma huyo. Mamba walihama kule kwetu kwa sababu yake."

Hata bibi alipokuwa bado ziwani, yeye na babu wakiwa wamekaa mbao moja, walikuwa wanaongea kwa kupitia kwetu. "Mwambie mwenzako ameunguza samaki," babu ananiambia, na mimi namsikia bibi palepale akisema, "Mwambie mume wako angepika yeye."

Bibi aliletwa Songea mwezi wa nne. Miguu ilikuwa imevimba mpaka viatu vya babu vikawa vinambana, na akilala chali anakosa pumzi. Baba alishuka Mbamba Bay akamchukua. Hospitali walimpima, daktari akasema moyo umechoka, apumzike, apunguze chumvi, na kila mwezi aende kliniki.

"Kumbe na wenyewe umechoka," bibi alisema njiani. "Nilidhani ni mimi tu."

Baba akaamua abaki. Kila mtu aliona ni sawa, na ilikuwa sawa. Miguu ilipungua. Lakini bibi mwenyewe alikuwa kama kitu kilichopandishwa ufukweni kikaachwa kwenye jua. Mimi shule niliishia darasa la tano, kwa hiyo ni mtu wa kushinda nyumbani, na nilimwona. Mwezi wa sita baridi ya Matogoro ilipoanza alikuwa anavaa koti la baba juu ya kanga mbili na bado anatetemeka. Akienda kanisani anashuka mteremko vizuri, lakini kurudi anapumzika mara tatu: kwenye kibanda cha mkaa chini barabarani, kwenye kalavati, na kwenye tofali za jirani ambazo hazijawahi kujengea kitu. Akifika anakaa mlangoni, anasema, "Nyumba ya kupandia hii." Alikuwa anaamka saa kumi na moja ingawa hana kazi ya kuamkia. Anafagia uwanja ambao nimeshaufagia. Anaangalia mawingu juu ya msitu wa Matogoro, anasema leo upepo utageuka saa saba. Ukigeuka kweli hakuna wa kumjali, maana hapa upepo unatusaidia kukausha nguo tu.

Nauli ya kurudi alikuja nayo kutoka ziwani, imefungwa kwenye ncha ya kanga. Nguo zikifuliwa anaifungua, anaihamishia kwenye kanga nyingine. Hakuigusa hata siku alipotaka ugoro.

Mwezi wa saba babu alianza vichekesho vipya.

"Mke mdogo," aliniambia Jumamosi moja, "leo nimetoa shikamoo kwa nguzo."

"Nguzo gani, babu?"

"Hii ya gatini hapa. Nilidhani ni padri. Nikavua na kofia."

Tulicheka. Brayson alicheka mpaka akateleza kwenye kiti, na wiki nzima alikuwa anasimama mbele ya nguzo ya umeme anasema, "Shikamoo padri."

Jumamosi iliyofuata babu akasema amepika samaki akamtilia mchanga wa lile debe la jiko badala ya chumvi. "Mwambie mwenzako siku hizi ninakula ufukwe," alisema. Tukacheka. Nyingine akasema amegombana na mtu nusu saa juu ya mzigo, kumbe mtu ameshaondoka, anagombana na gunia. Tukacheka tena. Alisema vilevile kwamba kibarua aliyekuwa anamsaidia tangu bibi aondoke amemwacha, ameenda kulima tumbaku Namtumbo, "maana tumbaku haina mawimbi."

Nilikuwa nampelekea bibi yote kama nilivyotumwa. Alikuwa anakaa nje, nyuma ya dirisha, kwa sababu aliona aibu kukaa karibu na simu kama msichana. Kile cha nguzo hakucheka. Cha mchanga hakucheka. Cha gunia aliniuliza, "Alisema hivyo akacheka?"

Nikafikiri. "Hapana. Sisi ndio tulicheka."

Akaendelea kuchambua mboga.

Katikati ya mwezi wa nane ulikuja mzigo. Babu huwa anatutumia usipa mkavu kwenye ndoo ndogo yenye mfuniko, anamkabidhi mtu wa basi, baba anaupokea stendi. Usipa wa babu ulikuwa unasifiwa hapa mtaani. Hauna mchanga, hauna kichwa kilichovunjika. Mama anawapelekea na majirani kidogokidogo kwa kujivuna.

Safari hii mama alikaanga wa kwanza, baba akatafuna, akatema mkononi. Changarawe.

"Baba mkwe siku hizi anatupimia na mawe," mama alisema, lakini kwa sauti ya chini, na akajuta papo hapo, nilimwona.

Bibi alichukua ndoo akamwaga yote kwenye ungo, akakaa juani kuchambua. Mimi nilikaa naye. Kulikuwa na changarawe, na vipande vya wavu, na maganda ya konokono wa ziwani, na kifungo cha shati. Alikuwa anavitoa kimoja kimoja anaviweka kwenye kifuniko. Halafu mkono ukasimama. Alikuwa ameshika ile sindano ya kushonea tanga.

Akaifuta kwa kanga. Akaigeuza. Ilikuwa na kipande cha uzi bado.

"Mke mwenza," alisema, "sindano hii ninayo tangu baba yako hajazaliwa. Makarius alikuwa ananikataza kuishika na mikono yenye mafuta. Anaweza kunipoteza mimi kabla ya kupoteza hii."

Akauvuta ule uzi kidogo.

"Hajaipoteza," alisema. "Hakuiona inaingia."

Baba ni fundi wa kuchomelea mageti na madirisha. Jioni ile alirudi macho yamewaka kwa ule mwanga wa moto, mekundu, yanatoka machozi. Si mara ya kwanza. Mafundi wote wana dawa moja: kiazi mviringo kinakatwa vipande vyembamba, unalala chali, unafunika macho. Bibi ndiye aliyekata viazi. Baba alikuwa amelala kwenye mkeka sebuleni, vipande viwili vyeupe machoni, mikono kifuani kama maiti, na bibi amekaa pembeni yake kwenye kigoda.

"Polikarp."

"Naam, mama."

"Baba yako haoni."

"Nani kasema?"

"Yeye mwenyewe. Miezi miwili anasema. Watoto wako wanacheka."

"Mama, yule ni mtani wa watoto. Vile ni vichekesho."

"Baba yako ana vichekesho vitatu tangu nimjue. Cha kukoroma, cha ugali, na cha mamba. Cha kwanza alinichekesha nacho siku ya harusi. Hivi vya nguzo na gunia havijui. Makarius hawezi kutunga. Hivi vimemtokea."

Baba akapumua. Alikuwa amechoka kweli, mdomo wake tu ndio ulikuwa unafanya kazi. "Mwisho wa mwezi nitashuka Mbamba Bay. Nimlete na yeye hapa. Mashua tutaiuza."

"Mwisho wa mwezi wa ngapi?"

"Mama, nina mageti ya watu."

"Najua una mageti. Kila mwezi una mageti." Hakusema kwa ukali. "Na mashua inauzwaje mtu akiwa amelala ndani? Hapa atakaa wapi? Atafanya nini? Mimi nimekaa, umeniona nilivyokaa."

Bibi akachukua ile sindano akamwekea kwenye kiganja, akamkunja vidole.

"Nini hii?"

"Niambie wewe."

Baba akaipapasa huku macho yamefunikwa. "Sindano. Ya magunia."

"Ya tanga. Ilikuwa kwenye usipa, karibu uimeze. Sasa angalia ulivyolala hapo. Wewe asubuhi utaondoa viazi. Yeye ataondoa nini?"

Nilikuwa mlangoni na sinia. Baba alibaki ameshika sindano, kidole gumba kinapita juu yake mara nyingi. Mwisho akasema, "Jumamosi nitamuuliza mwenyewe."

Na alimuuliza. Jumamosi hiyo hakwenda kazini asubuhi, alikaa nasi mezani, simu ilipoita akaichukua yeye. Baada ya shikamoo, baada ya mvua, baada ya mahindi, akakohoa.

"Baba, na macho vipi?"

Simu ya mama inasikika kwa wote. Tulisikia makelele ya gatini, mtu anaita abiria.

"Macho yapo, mwanangu," babu alisema. "Yote mawili."

"Unaona vizuri?"

"Namshukuru Mungu. Na wewe kazi?"

"Kazi ipo, baba."

Baba akaiweka simu mezani akatutazama, akamtazama na bibi dirishani. "Mmesikia? Nimemuuliza mwenyewe." Akavaa koti lake la kazi akaondoka. Nilimwonea huruma. Alitaka iwe kweli, na baba yake alikuwa amempa alichotaka. Babu angewezaje kumwambia mtoto wake kwamba hawezi kazi?

Simu ilikuwa bado haijakatwa. Babu alikuwa anaita kule, "Mke mdogo? Upo?" Mimi nilikuwa nanyoosha mkono, lakini mkono mwingine ukatangulia. Bibi alikuwa ameingia ndani. Hatujawahi kumwona anashika simu ile mwenyewe. Aliishika mbali na sikio, kama kikombe cha chai ya moto.

"Makarius."

"Nani kakupa simu?" babu aliuliza.

"Nimeichukua. Jua liko wapi?"

"Eh?"

"Hapo ulipo. Jua liko wapi?"

"Liko shavuni kwangu."

"Sijauliza unalisikia wapi. Nimeuliza unaliona wapi."

Yule mtu wa gatini aliita abiria wake mara tatu nne. Brayson alikuwa anataka kucheka, nikamkanyaga mguu.

"Hilda," babu alisema, taratibu sana, "watoto wapo hapo?"

"Wapo."

"Basi nipe mke wangu mdogo, nimtanie."

Bibi akanipa simu. Nikasema halo babu. Akaanza tena kwa sauti yake ya Jumamosi, isipokuwa ilikuwa inakatikakatika, na sidhani ilikuwa mtandao.

"Mke mdogo, mwambie mwenzako yule mamba tuliyedhani amehama hajahama. Ameingia machoni mwangu. Mwambie wiki hii nimegusa jiwe la pale kona, nimeziba kwa gunia na lami. Na umwambie asije. Miguu yake ile minene itanitobolea mashua."

Brayson akacheka. Mimi sikucheka. Nilimaliza, nikakata, nikamwambia bibi yote kwa mpangilio, hata la jiwe, hata la gunia na lami.

"Amesema nisije?"

"Amesema miguu yako itatoboa mashua."

Bibi akakaa kwenye kiti ambacho baba alikuwa amekalia. Alionekana amechoka kuliko siku zote nilizomjua, kuliko hata siku aliyoletwa.

"Miaka arobaini na sita," alisema. "Hajawahi kuniita kwa namna nyingine."

Jumanne ilikuwa siku ya kliniki. Nilimsindikiza. Tulipanga foleni kuanzia asubuhi, akasinzia begani kwangu. Zamu yake ilipofika aliomba dawa za miezi miwili au mitatu. Wakampa za mwezi mmoja, ndivyo wanavyotoa. Akauliza dirishani kama Mbamba Bay dawa hizi zipo. Dada wa dawa akasema zinaweza kuwepo, zinaweza zisiwepo. Bibi akashukuru kwa yote mawili.

Tulirudi polepole. Kwenye kibanda cha mkaa tulipumzika, kwenye kalavati tukapumzika. Kwenye tofali za jirani aliniuliza, "Mtu akiona lakini hana nguvu, na mwenzake ana nguvu lakini haoni, hao ni watu wangapi?"

"Wawili, bibi."

"Bado unahesabu kama watu wa kliniki wewe," alisema. "Ni mmoja, na huyo mmoja ana dosari zake."

Alhamisi baba aliondoka kwenda kazini saa kumi na mbili. Mama akaondoka na jembe na Brayson, maana shule zilikuwa hazijafunguliwa na bustani ya bondeni ilikuwa inataka maji. Mimi nilikuwa nimeamka kabla yao wote lakini nimejilaza, natazama kitanda cha pili. Bibi alikuwa amekaa tayari. Asubuhi ile hakushusha mkono. Nilisubiri, nikadhani amesahau, lakini alikuwa anatazama tu sakafu kwa macho, akavaa viatu.

Alikunja blanketi lake. Alikunja koti la baba akaliweka juu ya blanketi, akalipapasa kola. Kwenye mfuko wake wa shangazi kaja aliweka dawa, gauni mbili, sabuni, na kile kifungo cha shati alichokiokota kwenye usipa. Sindano alikuwa nayo baba. Nilijua ilipo, ipo kwenye mfuko wa suruali yake ya Jumapili, nilimwona alipoiweka. Nikaenda nikaichukua nikamletea. Bibi akaichomeka kwenye pindo la kanga, upande wa ndani, mbali kidogo na lile fundo la nauli.

"Baba yako ataniambia nimemdharau," alisema.

"Umwachie neno, bibi."

"Neno gani? Yeye ana haki. Daktari ana haki. Hata mimi kwenye nafasi ya Polikarp ningesema akae." Alikaa tena kitandani kupumua. "Mwambie geti zuri sana alilotuwekea. Linafunguka vizuri."

"Na babu alisema usije."

"Ndiyo. Alisema."

Nilimtengenezea uji, akanywa nusu, nusu akanirudishia nimalizie, kama anavyofanya siku zote. Nilimsindikiza mpaka getini. Nilitaka kubeba mfuko, akanikatalia. Alisema nikishuka naye mpaka barabarani kila mtu atajua ni safari, na nikibaki atakuwa ni bibi anayekwenda kanisani.

"Mtapiga Jumamosi?" niliuliza.

"Tukiwa na chaji." Akaniangalia. "Mke mwenza, siku nyingine yule mzee akisema kichekesho kipya, usicheke kwanza. Uliza."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Funga geti, kuku wasitoke."

Nilifunga lakini nilibaki nimeshika nondo. Alikuwa anashuka polepole, mguu mmoja unatangulia na mwingine unaletwa. Alipofika kwenye tofali za jirani akakaa, ingawa kushuka huwa hapumziki. Alikaa muda mrefu, mfuko uko mapajani, mgongo umetugeukia. Nilidhani labda pumzi zimekataa, labda atarudi. Watoto wawili wa jirani wakapita wakamwamkia, akaitikia. Akainuka. Kwenye kalavati hakukaa, aliegemea tu ukingo kwa mkono. Pale kwenye kibanda cha mkaa barabara inapinda kuelekea mjini, na aliyekaa huku juu haoni zaidi ya hapo. Bibi alisimama kwenye kona, akainua uso kidogo kuangalia mawingu ya upande wa Mbinga, njia ya ziwani, akaweka mfuko sawa begani, akapinda.

Mchana mama aliniuliza bibi yuko wapi, nikasema ametoka. Jioni mama alipakua sahani tano. Baba alikula ya kwake, akainuka, akaenda kupapasa mfuko wa suruali yake ya Jumapili, akarudi akakaa. Ile sahani ya tano tuliifunika kwa kawa, ikalala hapo mezani mpaka asubuhi.